Kikopo Kilichosafishwa Mno

Mkwe wangu alinieleza jambo hili leo asubuhi, tukiwa kwenye benchi la zahanati, macho yake sakafuni.

Karatasi ya majibu ya jana ilikuwa imesema mjukuu wangu hana kitu. Mjukuu mwenyewe anaungua kama pasi.

Huyu mjukuu, mume wangu mdogo, ana miaka mitatu. Tangu juzi ana homa, na akikojoa analia hadi anashika ukuta.

Jana mama yake, huyo mkwe wangu, alipeleka mkojo kwenye kikopo. Mpimaji akaudondoshea kwenye kikaratasi, ukubwa wa stempu. Kikigeuka zambarau, kuna vijidudu. Kikibaki cheupe, hakuna.

Kikabaki cheupe pe.

"Mkojo hauna shida," mpimaji akamwambia. "Mpe maji, tuangalie."

Kila siku nikimwita mume wangu, hunijibu, "Nakuacha, huna meno!" Leo nimemwita, kimya.

Nikambeba mgongoni, tukarudi zahanati. Sikulia. Nilikuwa nimekufa ganzi, natembea kama mtu aliyetumwa dukani.

Hapo benchini mkwe akafungua mdomo.

"Mama, kile kikopo..."

"Kimefanyaje?"

"Kilikuwa cha mafuta ya kujipaka. Niliona aibu kukipeleka kinanuka. Nikatia dawa ya madoa, ile ya kufulia. Sikukisuuza, kilinukia usafi."

Nyumba yetu hiyo, hata ufagio unafuliwa. Nikaitafuta hasira, sikuiona.

"Nenda kamwambie mpimaji."

"Atanicheka."

"Acheke. Kucheka kwake hakumuui mtoto."

Akaenda. Mpimaji akashika kichwa.

"Dada! Umewaua vijidudu kabla sijawaona, na rangi yangu umeing'oa kama doa!"

Akatoa kikopo kipya, kikavu. Mtoto akakojoa kidogo, kwa mayowe. Tone moja likaangukia kikaratasi. Watu wazima watatu tukakiinamia kama tunangoja chai ichemke.

Zambarau.

Sikufurahi, sikuogopa. Nilisema tu, "Haya, dawa."

Nyumbani kameza dawa, kakunja uso, kanitazama.

"Bibi."

"Abee, mume wangu."

"Huna meno."

Kalala. Mama yake naye kalala pembeni yake, viatu miguuni.

Wanangu mnaonisoma, mkipeleka ugonjwa ukapimwe, mpeleke na uchafu wake. Mkiupamba, mtarudi nao nyumbani.

Niliyebaki macho ni mimi tu. Simu hii inanidondoka. Naiweka chini, nalala.