Ndoo ya Mikasi

Walimwita Mama Povu, naye hakukasirika. Mwanamke aliyefua mashuka ya hospitali tangu ujana wake angeitwa jina gani jingine? Chumba cha kufulia kilikuwa chini kabisa ya jengo, hakina dirisha, na joto lake ni la kumtoa mtu roho. Mashuka ya chumba cha upasuaji yaliletwa kwa toroli yakiwa yamefungwa mabunda, na ndani ya mabunda, mara kwa mara, mlikuwa na mkasi au koleo lililosahauliwa na watu wa juu katika haraka zao.

Ungedhani ni jambo jepesi: unauosha mkasi, unapanda ngazi, unaurudisha. Mwenzake mmoja alifanya hivyo zamani. Badala ya asante aliulizwa, "Na mingine iko wapi?" Haukupita muda akafukuzwa kwa wizi. Tangu hapo watu wa kufulia walifunga midomo. Kilichokuja na mashuka kilitiwa kwenye ndoo nyuma ya pasi kubwa, kikafunikwa tambara. Kukitupa waliogopa, kukirudisha waliogopa, na ndoo ikazidi kuwa nzito.

Watu wa juu nao hawakuuliza. Kuuliza kungekuwa kukiri kwamba hawakagui vifaa vyao kabla ya kufunga mashuka, basi waliripoti kuwa vimechakaa, wakaagiza vipya. Mhasibu akaona fedha zinayeyuka, akatafuta pa kubana, akawabana wanyonge: sabuni ikapunguzwa, glavu zikakoma. Kila idara ilikuwa na simu mezani, na hakuna aliyempigia mwenzake isipokuwa kumlaumu. Ukifikiria utacheka, kisha utashikwa na hasira.

Mama Povu hakuwa na nafasi ya kucheka. Binti yake, mtoto wake wa pekee, alilazwa hapo hapo na uvimbe tumboni. Alitibiwa bure kwa kuwa mama yake ni mfanyakazi. Upasuaji wake ulikuwa umeshaahirishwa mara mbili, na kila siku uso ulizidi kusinyaa.

Asubuhi ile msukuma toroli alishuka na mabunda yake, akasita mlangoni.

"Mama Povu, sijui nikwambieje. Mwanao leo tena anarudishwa wodini. Vifaa havitoshi. Daktari amefoka mpaka sauti imemkauka."

Alipoondoka, Mama Povu aliitazama ndoo. Miaka yote alijiambia yeye si mwizi. Sasa alijiona mwizi kweli, na aliyemwibia ni mwanawe. Aliinyanyua, akaifunika kwa shuka bichi, akapanda ngazi, akabisha mlango wa nyuma wa chumba cha upasuaji. Muuguzi mkuu akafungua.

"Samahani, sista. Hivi ni vyenu, vilikuja na mashuka. Vichemsheni, mumfanyie mwanangu."

Muuguzi alifunua shuka, akabadilika rangi. Akatoka nje na kuuvuta mlango nyuma yake.

"Mama, umeniletea nini? Hivi nimesaini mwenyewe kwamba vimechakaa na vimetupwa. Leo niseme vimefufuka?"

"Sema niliiba mimi."

"Ukifukuzwa leo, mwanao anatolewa kitandani leo hii. Na mimi wataniuliza kwa nini nilidanganya. Nina watoto pia, mama yangu." Machozi yalimlengalenga. "Rudi navyo. Vipya vikija, mwanao atakuwa wa kwanza, nakuapia."

"Vinakuja lini?"

"Mhasibu bado hajasaini. Anasema tunabana matumizi."

Mlango ukafungwa, na komeo likasikika kwa ndani. Mama Povu alitaka kupiga kelele, amwite daktari, amwite mhasibu, jengo zima lije lione. Akafikiria kile kitanda cha mwanawe. Akageuka na ndoo yake.

Kwenye korido alikutana na toroli ya wagonjwa. Binti yake alikuwa amelala juu yake, midomo mikavu kwa kutokula tangu jana.

"Mama! Umesikia? Eti vifaa hakuna. Nimeshinda njaa bure." Akamshika mama yake mkono. "Wewe si unafanya kazi hapa? Huwezi kuwauliza vitapatikana lini?"

Mama Povu aliihamishia ndoo mkono wa pili, upande wa ukutani. Vyuma vikagongana chini ya shuka.

"Nimeuliza, mwanangu," akasema. "Wanasema bado."