Barabara ya Msasa

Sipiki bamia. Zikilala usiku mmoja tu kwenye sufuria hutoa uchachu fulani unaonipanda kooni, na papo hapo najikuta mtaani Shauri Moyo, katikati ya miaka ya hamsini, nikiwa msichana wa miaka kumi na mmoja. Nyuma ya safu yetu ya nyumba ilipita barabara ya ule udongo mweusi wa Eastlands, mashariki mwa mji, unaonata miguuni wakati wa mvua na kupasuka vipande vipande wakati wa jua. Kando yake ulikuwapo mtaro. Wanaokula wanisamehe, lakini mtaro ule ulibeba maji ya kufulia, matumbo ya kuku na yote yaliyofurika kutoka vyooni, na haukuwa na pa kwenda. Mvua ikinyesha, uliingia moja kwa moja nyumbani kwa jirani yetu Bi Mwanaisha, mama wa Kilamu aliyepika vitumbua vya kuuza. Nimemwona kwa macho yangu akizoa funza sakafuni kwa kipande cha kadibodi, huku mwanawe mdogo akiharisha kitandani wiki ya pili mfululizo. Nilimpenda sana Bi Mwanaisha, na bado nilikuwa nikiziba pua nikiingia kwake.

Mwaka huo ukumbi wa mtaa ulitangaza mashindano ya watoto: kila mmoja atengeneze mfano wa mtaa wake juu ya ubao, na ofisa wa mji atakuja mwenyewe kuutazama. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya wakoloni. Mtu mzima aliyelalamika kwa sauti aliweza kuulizwa kipande chake, yaani kitambulisho, na maswali mengine mengi asiyoyataka, kwa hiyo watu walikuwa wamezoea kumeza maneno. Lakini nani angemkamata mtoto kwa mchezo wake? Wanawake walilijadili jambo hilo bombani, ndoo zikijaa na kumwagika, wakakubaliana kwamba mimi ndiye nitakayemwonyesha bwana yule mtaro. "Usipambe, mwanangu," mama aliniambia. "Kama ulivyo, vivyo hivyo." Bi Mwanaisha akaongeza, "Na nyumba yangu uiweke papo hapo maji yanapoingia. Ayaone."

Basi nikaifanya kazi ile kwa moyo wote. Ubao ulitoka kwenye sanduku la majani ya chai na nyumba zilikuwa maganda ya viberiti. Barabara ndiyo iliyonilia siku tisa. Nilianika udongo mweusi, nikautwanga, nikauchekecha kwa kitambaa cha mama cha kichwani, kisha nikaukanda kwa uji wa ngano ili ushike. Niliutandaza mbichi ubaoni, nikapitisha kibiringo cha mbao cha kuzungushia uzi kutia alama za magurudumu ya mikokoteni, na mashimo nikayabonyeza kwa kidole gumba. Ulipokauka ulipasuka wenyewe, mipasuko myembamba kabisa, kama ile ya nje. Nilicheka peke yangu kwa furaha. Mtaro niliuchimba kwa mpini wa kijiko, lakini maji yake yalinishinda. Maji matupu yalinywewa na udongo. Ndipo nikachemsha bamia, nikachuja ute wake, nikauchanganya na majivu na kuumimina. Ulikaa vizuri mno, wa kijani kibovu, wenye kung'aa. Nikautia mpaka mlangoni kwa Bi Mwanaisha.

Sikujua kwamba ute wa bamia huoza. Nilipeleka ubao ukumbini siku tatu kabla ya mashindano, na asubuhi ya siku yenyewe nikakuta madirisha yote yamefunguliwa na inzi wamelala juu ya barabara yangu. Msimamizi wa ukumbi, Mwalimu Habil, mtu wa magharibi mwa nchi aliyenyoosha suruali yake hadi ikasimama yenyewe, alikuwa ameziba pua kwa leso. "Wewe msichana, unataka kutuletea maneno?" alisema. "Mgeni anakuja kuona maendeleo, wewe unamletea choo?" Akachukua kisu, akakwangua mtaro wote pamoja na mashimo na ile mipasuko, akatupa nje. Kisha akakata karatasi ya msasa mweusi, akaibandika juu ya kidonda kile, na katikati akachora mstari mweupe kwa chaki.

Kinachonichefua ni kwamba ilipendeza. Chembechembe za msasa zilifanana kabisa na lami mpya, na watoto wengine walisogea kuigusa wakiona wivu. Ofisa alipofika alisimama kwenye ubao wangu muda mrefu kuliko kwenye mwingine wowote, akainama, akaniuliza kwa Kiswahili chake: "Hii barabara yenu iko mzuri hivi?" Mwalimu Habil alikuwa upande wa pili wa ukumbi akipanga viti. Hakuna aliyenishika bega wala kunikonyeza. Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana, na muda wa kutosha.

Nikasema, "Ndiyo, bwana."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akanipa bati la biskuti, akapita. Mtaro haukuguswa. Kesho yake Bi Mwanaisha aliniita, akanifungia vitumbua viwili vya moto katika gazeti. "Pole, mwanangu," akasema. "Nimesikia walivyoikwangua kazi yako. Najua wangekuuliza ungesema." Nilishukuru, nikavila pale pale mlangoni kwake, nimesimama juu ya mbao alizotandika kuvukia uchafu. Masika yaliyofuata mwanawe alizidiwa, akazikwa hata hajafika miaka mitatu.

Sasa mjukuu wangu Neema hutengeneza barabara ndogo za kuchezea michezo ya mezani yenye vijisanamu. Ana brashi nyembamba kama sindano, na gundi ya kung'aa isiyooza ya kutilia madimbwi. Huketi saa nzima akichafua kipande cha lami kisichozidi kiganja, na wenzake humpigia makofi kwa kila ufa na kila doa la oili. Juzi alinionyesha mtaro alioutengeneza, akaniuliza kama enzi zetu watu walikubali kweli kuishi karibu na uchafu kama ule bila kusema kitu. Nilianza kumweleza habari za Hali ya Hatari na vipande, na hofu ya watu wazima. Yote ni kweli, na alinisikiliza kwa huruma. Nikajikatiza katikati. Nikamwambia kwamba walisema, walinituma mimi niwasemee, na mimi niliulizwa.