Kaptura za Kufunika Magoti

Mwaka ule mtaa wetu mzima wa Jadida ulitucheka. Timu yetu ya mpira imekufa, wakisema, imebaki kuzikwa tu. Kisa siasa. Zilikuwa zama za siasa, hapa Wete watu wa chama hiki hawanunui duka la watu wa chama kile, hata maziko yakisusiwa. Wachezaji wetu nao wakagawanyika. Wakawa hawapeani pasi, na msimu ulipokwisha walibaki watano.

Mimi nikasema haifi, ng'o! Nilikuwa na sababu yangu. Dada yangu wa tumbo moja alikuwa hanisalimii tangu Ramadhani, kwa kuwa mume wake na mume wangu walikuwa vyama mbalimbali. Lakini siku za mpira tulikuwa tukikaa mkeka mmoja, pembezoni mwa uwanja pamoja na wanawake wengine. Hatusemi, ila bega kwa bega. Timu ikifa, ningemwonea wapi tena?

Basi nikavaa buibui langu nikenda kwa Shehe aliyekuwa akisomesha chuo cha Kurani hapo mtaani. Vijana wake walikuwa wakubwa, wana mbio, na siasa haijawaharibu. Nikamwomba atupe sita.

"Wacheze na mapaja nje?" akauliza. "Baina ya kitovu na magoti ni utupu, Bibi. Wafunike magoti, nitawaruhusu. Nikiona goti moja, nawarudisha wote chuoni."

Mimi ni mshonaji. Nikakaa na charahani yangu nikashona kaptura kumi na moja za kitambaa cha marekani, pana, zinazopita magoti, na kiunoni nikatia kamba za kitambaa. Jirani yangu akachungulia dirishani akacheka mpaka akakohoa. "Hao wanakwenda mpirani au wanakwenda kutahiriwa?"

"Cheka," nikamwambia. "Mwaka huu Chake hawatutoi mashindanoni. Tena tutawafunga!"

Nilikuwa naamini, wallahi. Nimewaona wale vijana wakifanya mazoezi, wakipeana mpira kama ndugu wanaopokezana chakula. Na siku ya mechi na Chake walinitoa kimasomaso: tukafunga sisi mwanzo. Dada yangu pale mkekani akapiga kofi moja, halafu akakumbuka, akaficha mikono.

Ikaja mvua. Mvua ya Pemba haina adabu. Marekani ikilowa inakuwa nzito, na hilo mimi mshonaji nilitakiwa nilijue. Kaptura zikaanza kushuka. Vijana wakawa wanakimbia mkono mmoja umeshika kiuno, Chake wakasawazisha, uwanja mzima vicheko.

Mwishoni likaja shuti la juu, la kudakwa kwa mikono miwili. Golikipa wetu, mmoja wa vijana wa Shehe, akainua mikono, kamba ikakatika. Jamani! Akaacha mpira, akashika kaptura. Goli. Mbili kwa moja, na filimbi ikalia.

Nilitukana, sitaki kusema uongo. Nikamwona Shehe anaingia uwanjani na mwavuli, nikajua ndiyo basi, anawachukua vijana wake. Akamshika golikipa bega. "Umefungwa," akamwambia, na sote tulisikia, "lakini hukuvunja sharti. Mtacheza na mwakani."

Nilipiga kigelegele peke yangu, timu iliyofungwa! Wa Chake wakageuka kunitazama. Watazame.

Ndipo dada yangu akanigeukia, maji yanamtiririka usoni, hasira zimemjaa.

"Wewe! Ndiyo kamba gani hizo ulizotia? Mama hakukufundisha kushona mara mbili?"

Maneno yake ya kwanza kwangu tangu Ramadhani. Lakini mimi si mtu wa kulia mbele za watu. Nikamjibu, "Kama unajua sana, njoo ushone wewe."

Kesho yake alikuja. Hakupita uani kwa kujificha. Alikuja mchana kweupe, akapita mbele ya baraza alipokaa mume wake na watu wa chama chake, mkasi mkononi, akabisha hodi kwangu kwa sauti ya mtaa mzima kusikia.