Mita Tano za Kengele

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, nyasi bado zina umande, na Mzee Chokaa amepiga magoti kwenye kona ya uwanja akikwangua udongo kutoka kichwa cha kigingi cha chuma. Anakifuta kwa kitambaa kama anayemfuta mtoto kamasi. Kisha anakunjua tepu yake ya kupimia, anaitafuta alama iliyofungwa uzi mwekundu, na kuifunga hapo kwenye kigingi kwa waya.

Anauvuta waya. Anatembea hatua kumi, anasita, anarudi kuuvuta tena.

"Waya hausahau," anasema, wala hakuna aliyemuuliza.

Jina lake halisi analijua karani wa mishahara, na Mungu. Wengine wote humwita Mzee Chokaa, kwa sababu huu ni mwaka wa kumi na tatu anachora mistari ya chokaa kwenye uwanja huu wa udongo, na hata akivaa viatu vya sikukuu, soli zake ni nyeupe. Mvua ikinyesha mistari inafutika. Mashindano yakikaribia lazima irudi, na wa kuirudisha ni yeye. Mshahara wenyewe humtoka mkononi kabla mwezi haujafika nusu. Siku zinazobaki hujikimu kwa mboga alizopanda nyuma ya jukwaa.

Jumamosi kuna mashindano. Kwenye orodha ya wasichana wa mita 800 kuna jina ambalo halijaonekana hapa kwa miaka miwili, nalo ni la binti yake. Ndiyo maana kona hii moja ameipima tangu jana na bado moyo haujatulia.

Binti huyo mashabiki walimbatiza Kengele. Mita 800 ni mizunguko miwili, na ukianza wa pili hupigwa kengele. Sasa huyu mtoto, kengele ikilia tu, alikuwa anaondoka kama aliyesikia kwao kunaungua. Akiwa na miaka kumi na mitano aliwashinda wasichana wa kidato cha juu. Akiwa na kumi na saba alikuwa bingwa wa vijana wa taifa, na mwaka uliofuata akalitetea taji lake.

"Wengine wakisikia kengele ndipo wanapokumbuka kwamba wamechoka," anasema kocha wake, mwalimu wa hesabu aliyestaafu. "Huyu alikuwa kama ameitiwa chakula."

Wakati ule Mzee Chokaa hakufunga tepu kwa waya. Ncha ilishikwa na mkewe.

Kisa cha tepu hiyo ni kifupi. Miaka kumi na moja iliyopita mashine ya kufyekea nyasi ilipita juu yake ikatafuna sentimita kumi za mwanzo. Mzee akaomba nyingine. Akaambiwa asubiri bajeti, na hadi leo yuko kwenye kusubiri. Basi yeye na mkewe wakatafuta njia yao: mama ashike kigingini kwenye alama ya sentimita hamsini, ambako namba bado zinasomeka, na mzee upande wa pili aongeze hamsini hizo. Kutoka kigingi cha katikati hadi mstari, kona inataka mita thelathini na sita na nusu. Yeye akasoma thelathini na saba. Hesabu ikatoka sawasawa.

"Tulikubaliana siku ya kwanza tu," anasema mzee. "Miaka tisa sikuwahi kumwambia tena. Mkono wake ulikuwa unajua. Mimi nilikuwa nasema 'tayari?', naye anasema 'vuta', basi."

Mke huyo aliugua miezi mitatu, akafa. Hata arobaini haikuwa imepita vizuri, yakaja mashindano ya kuchagua timu ya vijana ya kwenda ng'ambo. Greda lilikuwa limeshasawazisha uwanja, hakukuwa na mstari hata mmoja wa zamani wa kufuatisha. Mzee alihitaji mtu wa kushika tepu.

Nyumbani alibaki mmoja tu. "Njoo unishikie, mwanangu," akamwambia.

Kengele akaja, akachuchumaa kwenye kigingi, akashika tepu pale ambapo mtu yeyote mwenye akili zake angeshika: mwisho wake, kwenye alama ya kumi. "Tayari?" akauliza baba. "Vuta," akajibu mtoto. Neno lile lile la mama yake. Kona ya pili wakafanya vivyo hivyo.

Kati ya kumi na hamsini kuna sentimita arobaini. Kwa macho huzioni. Lakini kona zote mbili zikitanuka kiasi hicho, mzunguko mmoja unarefuka kwa mita mbili na nusu, na mizunguko miwili inazaa mita tano. Siku ile wasichana wanane walikimbia mita 805, na hakuna aliyejua.

Kengele alishinda, tena kwa kuwaacha mbali. Muda wa kufuzu ulikuwa dakika mbili na sekunde tatu kamili. Yeye alimaliza kwa dakika mbili na sekunde 3.31. Akavishwa dhahabu shingoni, na safari ikamponyoka kwa theluthi ya sekunde.

"Mita tano kwa mwendo ule ni zaidi ya nusu sekunde," anasema kocha, na sauti yake inapungua. "Mtoto alikuwa amefuzu, na chenji juu. Lakini siku ile nilimwambia ajitahidi zaidi. Nilimwambia hivyo mimi mwenyewe."

Naye akajitahidi. Hapa ndipo simulizi hii inapouma, maana mita tano peke yake zisingemvunja mtu.

"Nilidhani ni kwa sababu ya msiba," anasimulia Kengele, ambaye sasa ana miaka ishirini. "Nilijiambia, umelia sana, ndiyo maana miguu imekuwa mizito. Nikajikataza kulia. Nikawa nakimbia asubuhi na jioni, barabara ya lami, hata siku ambazo kocha amesema nipumzike. Nilikuwa naitafuta ile theluthi ya sekunde."

Wiki ya saba mfupa wa muundi ukapata ufa. Wiki ya kumi, mguu ukiwa ndani ya plasta na timu imeshakwenda ng'ambo na kurudi, akaja mpimaji kukagua uwanja kwa ajili ya mashindano mengine. Alizunguka na vifaa vyake, akaandika, akazunguka tena, halafu akamwita mtunza uwanja pembeni.

"Mzee, uwanja wako una mita 402 na nusu. Ulipima na nini?"

Mzee Chokaa aliketi juu ya ndoo ya chokaa. Alijua papo hapo ni nini, na ni mkono wa nani. Majuto ni mjukuu, na huyu alimfikia akiwa ameketi kwenye ndoo.

Chama cha riadha kilisikitika sana, kwa barua. Kanuni haziruhusu kumpunguzia mkimbiaji mita baada ya mbio kwisha, kwa hiyo muda ulibaki ulivyoandikwa. Barua ya pili ilikuwa ya onyo, na hiyo ilikuwa ya mzee. Mwaka uliofuata Kengele alikuwa bado anatembea kwa magongo, na umri wa vijana ukampita.

Nyumbani mzee alimweleza bintiye kwa kifupi: uwanja ulikuwa mrefu, nilikosea hesabu. Habari za kushika hamsini hakuzigusa.

"Ningemwambia nini?" anauliza. Sasa machozi yanamtoka, naye hayafichi. "Mtoto amezika mama, amevunjika mguu, nimwambie na mkono wako ndio uliokukosesha? Nikasema ni hesabu. Hesabu haina wa kumlaumu."

Tangu siku hiyo hajamruhusu binadamu yeyote kushika ncha ya tepu yake. Ndipo ukaja waya, na uzi mwekundu kwenye hamsini.

Kengele naye, plasta ilipotoka, alipata kazi kwa fundi cherehani, mama wa makamo mwenye maneno mengi na mkono mwepesi. Huko anashona sare za shule na kuchukua vipimo vya wateja. Humpima mtu kiuno mara tatu, na fundi wake hachoki kumtania.

"Huyu angekuwa mchimba kaburi, marehemu angefukiwa kesho yake," anasema fundi, na cherehani yake haisimami. "Lakini sijawahi kurudishiwa nguo aliyoipima yeye."

Hakuna aliyemfundisha kupima mara tatu. Alijifunza siku yake ya kwanza pale, fundi alipomtupia tepu ya kitambaa na kumwambia, kama anavyowaambia wote: "Hiyo ncha yake imeliwa. Shika kwenye kumi, halafu utoe kumi."

Kengele anasema aliketi juu ya rundo la vitambaa. Fundi alidhani msichana ana njaa, akamtengenezea chai.

"Nilikiona kidole gumba cha mama," anasema. "Nilikuwa nawaona wakipima tangu nikiwa mdogo. Mama hakuwa anashika mwisho. Kuna kipande kilikuwa kinaning'inia kila mara chini ya mkono wake, na mimi nilikuwa nakichezea. Nimekichezea miaka yote ile, na siku nilipoitwa kushika, sikukikumbuka."

Hilo lilikuwa mwaka jana. Hakumwambia baba yake, na sababu anazo. "Ana mzigo wake. Akijua kwamba najua, atalia, na mimi kumbembeleza baba sijui."

Basi hivyo ndivyo wanavyoishi: nyumba ya vyumba viwili, sufuria moja, na siri moja ambayo kila mmoja anamfichia mwenzake. Mwandishi aliyezisikia pande zote mbili hana la kufanya ila kufunga daftari na kunywa chai aliyopewa.

Miezi mitano iliyopita daktari alimruhusu Kengele kukimbia tena. Kocha, ambaye hajui kupamba maneno, anasema mazoezini anamaliza kwa dakika mbili na sekunde tisa, na kwamba kwenye kundi la watu wazima muda huo haumfikishi popote. "Anaweza kurudi. Anaweza pia asirudi. Mfupa una kumbukumbu. Kitu kimoja nimekiona: kengele ikilia, siku hizi anageuza kichwa kwanza, kama anayehakikisha ni yeye anayeitwa."

Jua limeshatoka sasa, na umande unakauka. Mzee Chokaa ameinama upande wake wa tepu, mita thelathini na kitu kutoka kigingini, anaposikia nyayo. Ni Kengele, amevaa raba za mazoezi, na tepu ya kazini iko shingoni. Yuko njiani kwenda kwa fundi.

"Shikamoo, baba. Hujala."

"Marahaba. Nitakula. Nenda, utachelewa."

Haendi. Anachuchumaa kwenye kigingi, anautazama ule waya, anaugusa kwa kidole. "Waya wako umelegea."

"Nimeukaza sasa hivi."

"Umelegea, baba. Utoe, nishike mimi."

Mzee anasimama wima. "Waya unatosha, mwanangu," anasema kwa upole wa mtu anayeomba.

Lakini mikono ya msichana imeshaanza kuufungua. Waya unaanguka kwenye udongo. Baba anafumbua kinywa aseme lile neno ambalo hakulisema miaka miwili iliyopita, lakini binti anamtangulia.

"Hamsini, baba," anasema Kengele. "Najua. Mama alikuwa anashika hamsini."

Mzee anaketi chini, pale pale alipo, kwenye vumbi la chokaa. Mkono wake mmoja bado umeing'ang'ania tepu.

"Nani kakwambia?"

"Fundi. Hata yeye mwenyewe hajui kama aliniambia."

"Tangu lini?"

"Mwaka jana."

Analia kama wanavyolia wazee, mabega tu. Kengele anabaki amechuchumaa, kidole gumba juu ya uzi mwekundu, machozi yakimtiririka. Hainuki kumbembeleza. Kama alivyosema, hajui, na tena tepu akiiachia kipimo kitapotea.

"Sikukwambia, mwanangu."

"Na mimi sikuuliza, baba."

"Ulikuwa mtoto."

"Nilikuwa na miaka kumi na minane. Ni vile tu mama hakuwepo."

Mzee anajifuta uso kwa mkono wenye chokaa na kubaki na baka jeupe shavuni. Binti anacheka kidogo, kilio hakijamwisha.

"Simama basi," anasema. "Mkono unachoka, na fundi atanichamba."

Baba anasimama. Anaikaza tepu, anainamisha kichwa karibu kabisa na namba, maana macho si yale ya zamani.

"Tayari?"

"Vuta."

Mzee anasoma thelathini na saba, anapigilia msumari, na kusogea hatua mbili. Wanaizunguka kona yote hivyo, msumari kwa msumari, na ile ya pili, mpaka Kengele anachelewa kazini kwa saa nzima.

Binti akishaondoka, Mzee Chokaa anakoroga ndoo yake. Anaulizwa anatarajia nini Jumamosi.

"Watu wananiuliza, utaomba ashinde? Siombi hivyo," anasema. "Naomba akimbie mia nane. Akishindwa, ashindwe kwa mia nane."

Anainua ndoo na kuanza kuchora mstari.