Siku ya Jembe ya Mwalimu Immakulata

"Ananichimba huyo, Ndugu Mkuu! Hakuja kufundisha, alikuja kunichimba!"

Mwalimu Immakulata alisimama mlangoni, kuketi hataki. Mwalimu Mkuu Stanislaus akakuna kidevu, maana mpango ulikuwa wake. Mwaka ule wa sabini na saba watoto wote walitakiwa shuleni, walimu wakaokotwa popote, na Immakulata mwenyewe alitoka darasa la saba akakabidhiwa chaki. Stanislaus akaona walimu wafanye kama wanawake wa Kiha mashambani: leo tunalima kwako, kesho kwangu. Mwalimu wa shule jirani aje afundishe darasa lako, wewe ukae nyuma uangalie. Siku nyingine uende kwake ulipe.

Wa kwanza kuja alikuwa Kuruthumu, binti wa mwenye duka Kibondo mjini, msomi wa chuo cha Kasulu, kanga yake haijui vumbi. Alifundisha sehemu kwa kiazi kitamu na kisu. Nusu, robo, robo tatu, watoto wanashangilia. Kisha akamgeukia Immakulata kwa sauti tamu mno:

"Kwani wewe dada, sehemu huwa unaanzia wapi?"

Immakulata hakuwa ameanzia popote. Sehemu hazijui. Kila akifika ukurasa ule, darasa zima hulipeleka shamba la shule kupalilia. Hilo likijulikana, chaki anarudisha. Kwa hofu na hasira akamwacha mgeni aondoke bila chakula, jambo ambalo mwanamke wa Kiha hamtendei aliyemlimia. Siku chache baadaye ikasikika mkaguzi yuko njiani, ndipo akaja kusimama mlangoni pale.

"Mkaguzi hupita kila mwaka, Mwalimu," Stanislaus alisema.

"Mwaka huu mbona mapema? Nani kamwita? Kwake siendi!"

Nyumbani mama mkwe wake, Esteri, hakutaka kusikia habari za mkaguzi.

"Umelimiwa, hujalipa? Hata mchawi hulipa siku ya jembe, mkamwana. Tena mtoto wa watu akatoka kwako na njaa!"

Akafunga ugali wa muhogo na maharage kwenye jani la mgomba, akamtilia kikapuni. Immakulata akashika njia ya Kibondo asubuhi, akijiambia haendi kulipa. Anaenda kuchunguza.

Kuruthumu alimpa chaki upesi, akakimbilia kuketi nyuma. Ana haraka ya nini huyu? Darasa lilikuwa la pili. Mbele walikaa watoto wa mjini, wanajibu kama redio. Nyuma walikaa watoto walioletwa kutoka milimani, macho sakafuni. Immakulata akasoma hadithi ya mbuzi. Wa nyuma kimya, kama hawapo.

"Mwakeye!" akawaamkia kwa Kiha.

Vichwa vikainuka. Akaonyesha picha. "Impene, kwa Kiswahili?"

"Mbuzi!" wakapaza.

Kipindi kilipokwisha, msichana mmoja kati yao alikuwa amesoma mstari mzima. Immakulata akatupa jicho nyuma. Kuruthumu ameinama, anakwangua ukucha. Mkao ule Immakulata aliujua, ulikuwa wake siku ile ya kiazi.

Walipotoka nje akamrudishia swali lake.

"Kwani wewe dada, hawa wa nyuma huwa unawaanzia wapi?"

Kuruthumu akatazama uwanja wa shule. Ulikuwa umefagiliwa hadi unang'aa.

"Nawapa mifagio," akasema polepole. "Kwetu ni Kiswahili tu, Kiha sikijui. Ndiyo maana nilikuuliza siku ile. Nilitaka uniulize na mimi."

"Na mkaguzi? Hukumwita wewe?"

"Nimwite, aje aione mifagio yangu?"

Immakulata hakuyaamini yote. Lakini kicheko kikamtoka.

"Shamba letu nalo ni safi mno," akasema. "Uje tena na kiazi chako. Safari hii nikate mimi, wewe uniangalie. Nami nitakufundisha kuwaamkia hawa."

Kisha akatoa kile kifurushi cha jani.

"Chakula chako cha siku ile."

Kuruthumu akakitazama, akamtazama na mwenyewe.

"Onja wewe kwanza."

Immakulata akamega tonge, akameza, akaachama kinywa kumwonyesha hadi kooni. Ndipo Kuruthumu akanawa mikono, akala mpaka jani likabaki tupu.