Gari la Kusukuma

Niseme mapema kabisa: sikulitengeneza lile gari kwa kumkumbuka baba. Watu wa kwetu wanapenda kulisimulia hivyo, mtoto wa kike aliyempenda baba yake mpaka akaingia chini ya gari lake, na wakifika hapo wanatikisa vichwa kwa huruma. Si kweli. Nililitengeneza kwa hasira, na hasira yenyewe nilikuwa nayo tangu utotoni.

Lilikuwa jipu la Kiingereza la zamani, bodi ya alumini iliyobonyea kila upande, na nyuma mabenchi mawili ya kukaa mkitazamana. Baba alilinunua wakati kahawa ilikuwa bado kahawa. Kule kwetu Meru, juu ya Tengeru, nyumba yenye jipu ilijulikana mpaka bondeni, na baba alijua kwamba inajulikana. Kasoro yake ilikuwa moja: halikuwaka kwa ufunguo. Kwa hiyo aliliegesha daima likitazama bondeni, jiwe chini ya gurudumu, na siku ya safari alipanda yeye, akafunga mlango, akatoa kiwiko dirishani. Waliobaki nje ndio waliosukuma.

Waliobaki nje tulikuwa mama na sisi wasichana. Jumapili asubuhi mama alivaa kitenge chake cha kanisani, akavua viatu, akaviweka kwenye benchi la nyuma, halafu akaweka viganja kwenye bati pamoja nasi. Tulisukuma mpaka gari lilipoanza kuteremka, likakohoa, likashika. Baba alilisimamisha chini getini injini ikinguruma, nasi tukalikimbilia. Wakati wa masika ule udongo mweusi wa kwetu unateleza kama sabuni. Nimemwona mama akianguka kifudifudi na kitenge cha kanisani, na nimemsikia baba akipiga honi kwa sababu kengele ya pili ilikuwa imeshalia. Mama aliinuka, akapangusa magoti, akapanda nyuma. Kiti cha mbele alikaa mzee wa kanisa tuliyemkuta getini, au hakukaa mtu.

Baba alipofariki, bei ya kahawa nayo ilikuwa imeanguka, watu wanang'oa mibuni na kupanda nyanya. Msiba ulipokwisha, ukoo ukakaa kugawa vitu. Baba mdogo, yaani mdogo wake baba, alichukua sanduku la spana kwa sababu spana ni vitu vya kiume. Mimi nikapewa masufuria. Jipu likaachwa palepale pua ikitazama bondeni, kuku wakataga kwenye benchi la nyuma, na mama akaendelea kubeba mikungu ya ndizi kichwani mpaka sokoni Tengeru. Nyonga ilikuwa imeshaanza kumsumbua. Kila siku ya soko alilipita gari akichechemea.

Mimi wakati huo nilikuwa mjini Arusha, nimepanga chumba Levolosi, mpiga chapa katika shirika moja la umma. Ikaja ile miaka ya soko huria, mashirika yakauzwa, na sisi wapiga chapa tukaitwa ofisini na kuambiwa tumepunguzwa. Nilipanda mlimani na begi langu. Nilipoingia uani nikamkuta baba mdogo na mnunuzi wa vyuma chakavu wanalizunguka jipu, mnunuzi akiligonga-gonga bodi kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti maji.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Umekuja wakati mzuri. Tunamwondolea mama yako huu uchafu."

"Mama amesema ni uchafu?"

"Mama yako hana la kusema hapa. Hii ni mali ya ukoo."

"Na mimi ni wa ukoo. Haliuzwi."

Alicheka. "Utalifanyia nini, binti yangu? Wewe mwenyewe umepunguzwa huko mjini, sasa umekuja kuajiriwa na skrepa?"

Nikamwambia nitalitengeneza liwake. Hapo akacheka mpaka akajishika kiuno. Lakini mama alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza, na mnunuzi naye anasikiliza, kwa hiyo akataka kuonekana mtu wa haki. Akatamka kwamba Krismasi, watu wote wakiwa wamerudi nyumbani, gari litajaribiwa mbele ya ukoo. Likitoka uani kwa injini yake, ni la mama. Lisipotoka, mnunuzi analichukua kesho yake, na yeye baba mdogo hataki kusikia kelele za mtu.

Sikuwa fundi, lakini sikuwa mjinga wa gari pia. Mikono yangu ni myembamba, na baba alikuwa akinituma niifikishe kwenye boliti zilizojificha nyuma ya injini. Shida yangu ya kwanza ilikuwa vifaa. Maduka ya Arusha yalikuwa yamefurika spana mpya zinazong'aa, lakini zote za milimita, kwa sababu magari yaliyokuwa yakimiminika siku zile ni ya Kijapani. Jipu la Kiingereza linataka inchi. Nilinunua spana moja mtaani Daraja Mbili, nikaivisha kwenye nati yenye kutu, ikacheza, ikaila nati kona zote. Spana za inchi zilikuwa kwenye sanduku la baba, chini ya kitanda cha baba mdogo, zinashika kutu. Nikaapa siendi kuomba.

"Wewe usiende," mama alisema. "Nitakwenda mimi."

Alirudi na spana moja imefunikwa na majani ya mgomba. Alikuwa amemwambia shemeji yake kwamba bomba la uani linavuja. Baadaye ikawa kitanda kimelegea, halafu bawaba za geti, halafu meza. Baba mdogo alimpa kila alichoomba, tena kwa maelezo marefu ya namna ya kukizungusha. Mvua za vuli zilipoanza, karibu sanduku zima lilikuwa limehamia kwetu, na nyumba ya mama, kwa maneno yake mwenyewe, ilikuwa imebomoka kila mahali.

Nikafanya kazi. Nilihamisha kuku, nao hawakunisamehe. Niliosha tanki la petroli, nikafungua kabureta iliyokuwa imeganda ndani kama ugali wa jana, nikabadilisha mipira ya breki, nikaziba rejeta. Dainamo ya zamani ya kuchaji betri niliitoa, nikafunga altaneta ya gari dogo la Kijapani lililopata ajali, na kwa kuwa haikukaa pale sawasawa nikaipeleka mjini, Sombetini, kwa mchomeleaji anitengenezee kishikio. Akaniuliza mume wangu amekwama wapi. Nikamwambia yuko chini ya gari, anakuja.

Huyohuyo nilimwagiza na kipandio, kipande cha bomba chenye bati la kukanyagia, kifungwe chini ya mlango wa mbele upande wa abiria. Akasema magari haya hayafungwi vipandio, mtu anaruka tu. Nikamwambia kuna mtu hawezi kuruka, na gari ni lake.

Nikanunua betri. Nikazungusha ufunguo. Likasema "ta", likanyamaza. Nikaishusha stata, mota ya kuwashia injini, nikaifungua juu ya gunia, nikakuta ndani safi kabisa, makaa yake ya kupitishia umeme hayajalika hata kidogo. Nikairudisha. "Ta." Nililala chini ya lile gari mpaka shingo ikakataa kugeuka, nikifuata waya mmoja mmoja kwa vidole. Ndipo nikaukuta. Kuna waya mnene unaounganisha injini na fremu, ndio njia ya umeme kurudi kwenye betri. Mwisho wake ulikuwa umeoza ukawa unga wa kijani, na boliti yake imekazwa juu ya kutu. Nikakwangua chuma mpaka kikang'aa, nikaweka waya mwingine, nikakaza.

Nilipozungusha ufunguo gari likawaka palepale, limesimama, bila mtu nyuma yake.

Ilikuwa siku ya soko, majirani wote wako Tengeru. Mama hakwenda kwa sababu ya nyonga. Alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama. Nikazima.

"Kilikuwa nini?"

Nikampa ule waya wa zamani.

"Huu tu?"

"Huu tu, mama."

Akaugeuza kiganjani, unga wa kijani ukamwagika kwenye kanga yake. "Nilimwambia alipeleke kwa fundi wa umeme. Mara nyingi nilimwambia. Akasema gari linawaka, shida iko wapi?"

"Labda hakujua kwamba ni kitu kidogo hivi."

"Hakutafuta," mama alisema. "Watu wa kusukuma si walikuwepo."

Niliona uchungu ambao sikuuona hata siku ya kumzika baba. Utoto wangu wote, yale matope, yale magoti ya mama, ile honi, vyote kwa ajili ya waya ambao mtu angeubadilisha kabla chai haijapoa. Nikataka kutoka nikapige kelele ukoo mzima usikie. Mama akanishika mkono. Akasema nisimwambie mtu, tungoje Krismasi.

Krismasi uani palijaa. Tulitoka kanisani, mbuzi amechomwa, pombe ya mbege inazunguka, na mnunuzi wa vyuma naye amealikwa, amekaa karibu na nyama. Baba mdogo akasimama akakohoa, akasema tumalize lile jambo la gari. Akainama yeye mwenyewe akalitoa jiwe kwenye gurudumu, na mimi, niliyekuwa nimeshakaa kwenye usukani, nikakanyaga breki.

Hakuna aliyewaita wanawake. Shangazi zangu, wake za binamu zangu, wasichana waliotoka mjini na nywele zao mpya, wote waliweka sahani chini, wakavua viatu, wakajipanga nyuma ya gari na kuweka viganja kwenye bati. Wanaume walisimama pembeni wakielekeza. Niliwaona kwenye kioo na moyo ukaniuma, kwa sababu kila mmoja alijua pake pa kushika.

Mama alikuwa amekaa mbele. Alikuwa amekanyaga kipandio taratibu, mguu mzuri kwanza, amevaa kitenge cha kanisani na viatu vyake miguuni.

"Shemeji, shuka kwanza," baba mdogo alimwambia. "Unalifanya zito."

"Sishuki."

"Sasa hawa watasukuma vipi na wewe umekaa?"

"Sijamwomba mtu anisukume," mama alisema, akitazama mbele.

Nikazungusha ufunguo. Gari likaondoka mikononi mwa wale wanawake kabla hawajakaza mgongo. Nikasikia mmoja akipiga yowe, halafu wote, halafu vigelegele. Baba mdogo alibaki amelishika lile jiwe.

Getini sikuteremka bondeni. Nilikata kona nikapanda, njia ya kanisani, mlima mkali, pua ya gari ikitazama juu, mahali ambapo baba hakuwahi kusimama hata kumpa mtu salamu, maana likizimika hapo hakuna wa kulisukuma kupanda.

"Simama hapa," mama alisema.

Nikasimama, nikavuta breki ya mkono.

"Zima."

Nikamtazama. Nikazima. Kukawa kimya, zikasikika tu sauti za wanawake wanaotukimbilia kwa nyuma, pekupeku, viatu mikononi. Mama aliweka mikono mapajani.

"Washa."

Likawaka.

"Zima tena," akasema.