Kisigino Kisichojua Kunyamaza

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Bi Arletha Gadsden anakoroga uji wa mahindi kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto umeshika simu ambayo hajaamua ampigie nani, na miguu inafanya kazi yake. Mbele ya jiko amelaza ubao mgumu wenye upana wa mlango. Juu ya ubao huo viatu vyake vyeusi, vyenye vipande vya chuma kwenye ncha na kisigino, vinagonga, vinakwaruza, vinasita, vinagonga tena. Uji unashika chini ya sufuria. Hajali.

Ana miaka themanini na moja, na katika nyumba hii nyembamba ya matofali, Philadelphia ya Kaskazini, hakuna anayekumbuka kumwona ameketi mpaka chakula kikaisha. Jirani wa ukuta wa pili, Bwana Lucius Gantt, anaapa kwamba panya wa mtaa mzima walihama mwaka 1988 wakaenda kutafuta usingizi ng'ambo ya mto, New Jersey. Anasema aliwaona kwa macho yake wakivuka daraja kwa mstari, wazee mbele.

Bi Arletha anasema Lucius ni mwongo. Panya walikuwa wanane tu, na wawili walirudi kujifunza.

Lakini Jumanne hii mzaha wake ni mfupi. Sebuleni kuna maboksi kumi na manne ya kijivu, yamepangwa mpaka usawa wa dirisha. Ijumaa saa nne gari la maktaba moja ya mjini litakuja kuyachukua. Ndani yake mna miaka sitini ya kucheza na kutunga dansi ya viatu vya chuma: picha, mabango, barua, mikataba, na mamia ya karatasi za hatua. Na ndani ya boksi la tisa mna karatasi moja ambayo, ikishapanda gari hilo, haitarudi tena mikononi mwake.

"Ina uongo," anasema. "Na mwandiko ni wangu."

Mama yake alikuwa dobi. Arletha alianza kwa vizibo vya soda, alivyovipigilia kwenye soli za viatu vya kanisani. Akachapwa kwa ajili ya viatu, akaendelea. Alipofikisha miaka kumi na saba alikuwa akilipwa dola thelathini na tano kwa wiki katika kumbi zilizokuwa zinafungwa moja baada ya nyingine, maana vijana walikwisha kuchagua magitaa.

Ukumbi mmoja wa Pittsburgh, anasimulia, ubao wa jukwaa ulipasuka akatumbukia mpaka kwapani, kisha akazama kabisa. Hakukosa hata pigo moja. Watu wakasikia mdundo ukitoka chini ya sakafu, wakadhani ndiyo ufundi wenyewe, wakarudi kesho yake na shangazi zao. Boksi la nne lina kipande cha gazeti kinachosema ubao ulipasuka. Hayo mengine hayamo, ila Bi Arletha anasema mwandishi alikaa viti vya nyuma.

Kumbi zilipokwisha, aliingia jikoni kwenye shule ya msingi. Aligawa chakula cha mchana kwa miaka ishirini na tisa, miguu ikicheza nyuma ya kaunta mahali watoto wasipoona, ingawa wote walisikia. Jioni alifundisha kwenye chumba cha chini cha kanisa, na mpaka leo anafundisha, Jumatatu na Jumamosi. Ada ni dola kumi. Asiye nazo analeta pai ya viazi vitamu, na Bi Arletha anasema wengi hawana nazo hasa siku anazokuwa na njaa.

Hakuna shule iliyomfundisha kuandika dansi. Alama zake alizibuni mwenyewe: mviringo ni kisigino, msumari ni ncha ya kiatu, kijiti kilicholala ni kukwaruza. Aliziandika kwenye chochote kilichokuwa karibu, migongo ya bili za umeme, pepeo za karatasi za kanisani, orodha za chakula cha shule.

Mtunza nyaraka wa maktaba, Corinne Mabry, mwanamke wa miaka thelathini na minne mwenye penseli nyuma ya kila sikio, amekuja kila Jumanne tangu Januari. Siku ya kwanza tu aligundua jambo ambalo mafunzo yake hayakumwandaa nalo. Bi Arletha hawezi kusoma mwandiko wake akiwa amekaa. Lazima avae viatu, asimame kwenye ubao, ndipo miguu imsomee. Basi Corinne akawa anamfuata chumba hadi chumba, anaandika huku anatembea.

"Nimeshughulikia karatasi za maprofesa watatu na jaji mmoja," anasema Corinne. "Wote walikaa kitini."

Wiki iliyopita wakafika boksi la tisa. Corinne akatoa karatasi ya mwaka 1963, dansi iitwayo "Jumamosi Mtaa wa Diamond", kazi pekee ya Bi Arletha iliyozunguka miji ishirini na miwili. Chini kabisa imeandikwa: Hatua zote ni za A. Gadsden. Corinne akauliza, kama anavyouliza kwa kila karatasi, kama ni kweli zote. Bi Arletha akajibu zote, kisha akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Kwa watu wa viatu vya chuma, kuiba hatua si dhambi. Mwenzako akicheza kitu kitamu kwenye duara la wachezaji una ruhusa kukichukua, hata kabla jasho lake halijakauka. Masharti ni mawili: ukibadilishe, na ukicheze mbele yake akuone. Ukikichukua kama kilivyo, mwenyewe akiwa hayupo, wanakuita mtu anayebeba nguo za aliyeko bafuni.

"Zamani nilijiambia miguu husahau," anasema Bi Arletha, akipanga upya maboksi ambayo Corinne amekwisha kuyapanga. "Watu wanakufa, sakafu zinang'olewa, wizi unaisha wenyewe. Sasa huyu binti ananiambia karatasi itawekwa chumba cha baridi, bila mdudu, bila jua, miaka mia tano. Miaka mia tano nimesimama pale na nguo za mtu mkononi."

Mwenye nguo ni Ozella Tisdale. Walikuwa wawili, majina yao kwenye bango moja, Gadsden na Tisdale. Februari 1963 Ozella alikuwa akitunga kipande cha katikati cha dansi yao mpya, amejifungia stoo ya ukumbi, hataki mtu akione mpaka kiive. Arletha alisimama nje kwa soksi, sikio mlangoni, miguu ikifuata kila alichosikia. Wiki hiyo hiyo ikaja telegramu kutoka South Carolina: mama yake Ozella kaanguka. Ozella akaenda kumuuguza miezi kumi na mmoja. Aliporudi, onyesho lilikuwa njiani na kipande chake ndani yake. Akaingia kiwanda cha makoti, akashona kola mpaka alipostaafu.

Hawakugombana. Hilo ndilo linalomtafuna Bi Arletha. Wanakutana misibani, na Ozella anamuuliza habari za magoti. Mtu kukuuliza magoti kwa miaka sitini, anasema, ni afadhali angekupiga kofi mara moja mkamaliza.

Jumatano alipanda basi kwenda Germantown, upande mwingine wa mji, karatasi kifuani chini ya koti. Viti vilikuwa vitupu, akasafiri amesimama. Ozella, mwenye miaka themanini na minne, anaishi kwa binti yake. Alikuwa kwenye kiti cha mikono karibu na dirisha, miguu juu ya kibao cha mbao, sahani ya pai mapajani. Magoti yake yaligoma miaka sita iliyopita.

"Umevaa viatu vya kazi," Ozella akamwambia kabla ya salamu. "Nani kafa?"

Bi Arletha akasema hajafa mtu.

"Basi kaa."

Hakukaa. Aliizunguka meza na kuyasema yote kwa pumzi moja: stoo, soksi, miji ishirini na miwili, miaka mia tano. Ozella aliendelea kula taratibu mpaka mwenzake alipoishiwa maneno.

"Najua, Letha," akasema. "Nilikuja kuiona Baltimore. Nililipa kiingilio."

Bi Arletha anakiri kwamba hapo miguu yake ilisimama, kitu ambacho hata mazishi ya mumewe hayakukiweza.

"Nilikuja na hasira ya kukutoa jukwaani kwa nywele," Ozella akaendelea. "Nimekaa nyuma, nangoja. Ukafika kwenye kipande changu. Nikacheka mpaka bibi wa kiti cha mbele akageuka. Umekikosea, mwenzangu. Miaka yote hii unakikosea."

Aliweka sahani chini, akakishusha kidole kwenye mkono wa kiti, akakigonga kipande chote kwa kucha. Pigo moja, la pili, la tatu. Pigo la nne, pale ambapo kwa miaka sitini kisigino cha kushoto cha Arletha kimekuwa kikishuka kwa nguvu, kidole cha Ozella kilibaki hewani. Chumba kizima kikabaki hewani nacho. Kisha mdundo ukaingia kwa nyuma, taratibu, kama mgeni aliyechelewa.

"Hapo hamna kitu," Ozella akasema. "Hapo mtazamaji anakanyaga ngazi ambayo haipo. Ndiyo dansi yenyewe hiyo. Wewe ukaenda ukamjengea ngazi."

Bi Arletha alielewa papo hapo. Nyuma ya mlango kimya hakionekani. Alidhani kuna sauti iliyompita, na kwa kuwa hajapata kuvumilia nafasi tupu maishani mwake, akaijaza. Akajaribu kujitetea: kama alikibadilisha, basi kwa sheria ya duara ni chake.

"Sheria inasema ubadilishe kwa kujua," Ozella akamjibu. "Wewe umebadilisha kwa uziwi."

Wakacheka, na Bi Arletha akadhani yamekwisha. Akatoa penseli aliyoiazima kwa Corinne bila Corinne kujua, atie jina la Ozella hapo hapo. Ozella akaifunika karatasi kwa kiganja.

"Jina langu juu ya kosa lako? Mtu wa miaka mia tano ijayo aseme Ozella Tisdale alikuwa hajui kunyamaza? Kicheze kwanza sawasawa, nione. Ndipo uandike."

Binti yake Ozella akakunja zulia. Bi Arletha akacheza. Pigo la nne, kisigino kikashuka.

"Kisigino," akasema Ozella.

Akarudia, kikashuka tena. Alijaribu polepole, alijaribu amefumba macho, alijaribu ameshika meza. Mara kumi na moja, na mara kumi na moja sauti ile ya kitini ikasema neno lile lile, bila hasira, kama karani anayesoma orodha. Mwanamke aliyecheza chini ya sakafu ya Pittsburgh alishindwa na kitu ambacho ni kutofanya chochote.

Ijumaa saa nne kasoro dakika tano gari likafika. Wapakiaji wawili wakabeba boksi la kwanza hadi la kumi na nne, Bi Arletha akiwafuata hadi barabarani na kurudi, akiwaeleza namna ya kubeba. Karatasi haikuwamo. Corinne, aliyekuwa na orodha mkononi, aliliona pengo kwenye boksi la tisa kabla mlango wa gari haujafungwa. Akasema kwa upole kwamba karatasi hiyo imo kwenye makubaliano, na lazima aandike kitu.

"Andika, mwanangu," Bi Arletha akamwambia. "Hatua za katikati ni za Ozella Tisdale. Kosa ni la Arletha Gadsden. Karatasi itafuata."

Corinne akauliza itafuata lini.

Jumamosi ya mwisho ya Mei, akaambiwa, wanafunzi wa kanisani wana onyesho lao. Ozella ataletwa na kiti chake, atawekwa mstari wa mbele, na Bi Arletha atacheza kipande kile mbele yake, kama ilivyotakiwa tangu mwanzo. Ozella akiridhika, jina lake litaandikwa pamoja na alama sahihi, na maktaba itapata karatasi mbili, ya wizi na ya ukweli. Asiporidhika, wataonana Mei nyingine.

"Mimi nina themanini na moja, namtegemea mwalimu wa themanini na nne," Bi Arletha akasema. "Mkisali huko maktaba, mtukumbuke."

Corinne akaandika alivyoambiwa, neno kwa neno. Kisha akadai penseli yake.

Tangu siku hiyo Bi Arletha anakwenda Germantown kila siku isiyo ya kufundisha. Ozella amemwekea masharti: akifika akae kwanza dakika tano, mikono mapajani, bila kusema. Rekodi yake mpaka sasa ni dakika mbili na nusu, naye anaitaja kwa majivuno yale yale anayotajia Pittsburgh.

Anasema hataki makofi Mei. Anataka kusikia kiti kile cha mbele hakisemi neno.

Kwenye kituo cha basi, Alhamisi asubuhi, watu watatu wanamtazama na yeye hawaoni. Pigo la kwanza, la pili, la tatu juu ya saruji. Basi linafika, mlango unafunguka, dereva anainama kumwangalia.

"Unapanda, mama?"

Mguu wa kushoto uko hewani, kisigino kimeelekea chini, hakijashuka.

"Ngoja," anasema Bi Arletha.